Sifa za Kamera Isiyo na Haraka

Sitalike ni kijiji cha getini. Ukitoka Mpanda kuelekea Sumbawanga unakifikia kabla saa moja ya gari haijatimia, mahali ambapo Mto Katuma unaacha mashamba ya watu na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa miaka ya 1990, na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Makao yake makuu yako hapohapo Sitalike, karibu na daraja ambalo chini yake viboko hujipumzisha. Wageni wa Katavi ni wachache ukiwalinganisha na wa Serengeti, na wengi wa hao wachache hushuka kwa ndege ndogo ndani ya hifadhi yenyewe, wakalala, wakapiga picha na kuondoka bila kukiona kijiji. Wanaokuja kwa barabara husimama kidogo: kulipa, kununua maji, kuangalia viboko. Sitalike inaishi na utalii kama mtu aliyepanga chumba nyuma ya uwanja wa mpira: kelele za goli anazisikia, mechi haioni. Kwa mahali kama hapa nataka kusifu ufundi mmoja ambao naona hauna mbadala, nao ni wa filamu ya taratibu, ile ambayo mwongozaji wake huiacha kamera itulie juu ya jambo mpaka jambo lenyewe liishe.

Hoja yangu inaanzia kwenye saa. Mtalii ana siku tatu, na kila kinachomzunguka kimepangwa kufuata siku hizo tatu: chakula, gari, simba, machweo. Mwenyeji ana mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo ni kungoja. Anangoja msimu, anangoja simu ya kampuni, anangoja gari moja lipunguze mwendo mbele ya meza yake ya matunda. Muuzaji aliyekaa tangu asubuhi hukutana na mgeni kwa dakika nne za kupatana bei, na dakika hizo nne ndizo zinazopigwa picha. Saa zilizobaki hazimo kwenye picha yoyote, ilhali ndizo maisha yake. Filamu ya kawaida, hata ikiwa na nia njema, inakatwa kwa kipimo cha uvumilivu wa mgeni. Filamu ya taratibu imejifunza kuionyesha ile saa ya tano ya kungoja, wakati hakuna kinachotokea na mtu bado yuko pale, anahesabu deni kichwani, anamtania jirani, anausogeza mwavuli kufuata jua. Ndiyo maana nauona mwendo wake kuwa suala la haki kabla haujawa suala la urembo.

Filamu zilizoijengea nchi hii jina ng'ambo zilifuata saa za mgeni tangu mwanzo. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, wakahesabu wanyama, na filamu yao ya mwaka 1959 ikatunukiwa Oscar mwaka 1960. Michael mwenyewe hakuishi kuiona sifa hiyo. Alikufa kwa ajali ya ndege hukohuko Januari 1959. Ni kazi yenye upendo wa kweli kwa wanyama. Lakini nchi ikitazamwa kutoka angani haina majirani, na mwaka huohuo wa 1959 serikali ya kikoloni iliwatoa Wamasai Serengeti na kuwapeleka Ngorongoro. Filamu haikuwahamisha, uamuzi ulikuwa wa serikali. Ila ilimzoesha mtazamaji kuona kwamba pale hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Miaka mitatu baadaye ikaja Hatari! ya Howard Hawks, John Wayne akifukuza vifaru kwa gari katika nyika za kaskazini, na wenyeji wakipita pembeni ya fremu kama wasaidizi. The Royal Tour ya mwaka 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anamtembeza mwanahabari Peter Greenberg, imetoka mikononi mwetu wenyewe na haifichi kwamba imekuja kuitangaza nchi. Silaumu tangazo kwa kuwa tangazo. Nasema tu kwamba zote tatu, pamoja na tofauti zao kubwa, zina desturi moja: kitu kinaonyeshwa kwa muda unaotosha kukitambua, halafu kinaondolewa machoni.

Chukua viboko wa Katuma. Kiangazi kikikolea mto hukatika, yanabaki madimbwi, na viboko kwa mamia hurundikana kwenye tope wakiumana na kukoromeana. Picha hiyo ndiyo inayoitambulisha Katavi duniani. Katika filamu ya wanyama huchukua nusu dakika: muziki mzito, msimulizi anataja ukame, kisha tunahamia kwa mamba. Kisichosemwa ni kwamba maji ya Katuma yana watumiaji wengi kabla hayajafika hifadhini. Juu ya mto kuna majaruba ya mpunga, mifereji na mabanio ya umwagiliaji, ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka Usukuma, na mji wa Mpanda ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa. Tope lile lina mkono wa watu, na watu hao nao wanalima kwa sababu wana watoto wa kulisha. Uhusiano wa namna hiyo hauelezeki kwa nusu dakika, na msimulizi akijaribu kuueleza atageuza mkulima kuwa mshitakiwa. Filamu ya taratibu ingemkalisha mtazamaji na mkulima anapofungua mfereji kwa jembe, ikamwacha aone maji yakijaza jaruba la kwanza, la pili, la tatu, jua likipanda. Kisha, bila neno, ingemkalisha kwa muda uleule kwenye dimbwi la chini. Kulinganisha atalinganisha mwenyewe, na akishalinganisha mwenyewe si rahisi kumwambia kwamba amedanganywa.

Ushahidi kwamba kamera iliyotulia inaweza kufichua siri ya utalii upo pwani ya Kenya. Paradies: Liebe ya Ulrich Seidl wa Austria, iliyoshindanishwa Cannes mwaka 2012, inamfuata Teresa, mwanamke wa makamo aliyekuja likizo na kujikuta katika mapenzi ya kununuliana na vijana wa ufukweni. Humo kuna shoti moja ambayo ningependa kila mwanafunzi wa filamu aikariri. Watalii wamejinyoosha kwenye vitanda vya jua, wamepangwa safu. Mbele yao imevutwa kamba. Ng'ambo ya kamba, mchangani, vijana wamesimama wakitazama upande wa vitanda, hawasogei. Kamera nayo haisogei na muziki haupo. Sekunde tatu za kwanza unaona ufukwe tu, na ukikatiwa hapo utakuwa umeona kadi ya posta. Lakini Seidl hakati, na jicho likikosa la kufuata linaanza kazi yake: linaona kwamba waliolala na waliosimama wamegawana fremu, kwamba kamba ni kitu ambacho mtoto angeweza kukivuka, na kwamba hakuna anayeivuka. Baadaye unajiuliza vijana wale wamesimama tangu saa ngapi. Swali hilo ndilo uchumi mzima wa ufukwe ule, na hakuna mhusika aliyelitamka. Limetamkwa na urefu wa shoti.

Hata hivyo Seidl anabaki upande wa vitanda. Kijana anapoachana na Teresa, kwa sehemu kubwa anaachana na sisi pia, na nyumba anayorudi tunaingizwa pale tu Teresa anapoingizwa. Ufundi upo, ila saa bado ni za mgeni. Aliyezigeuza saa hizo ni Abderrahmane Sissako, mwana wa Mauritania na Mali. Heremakono yake ya mwaka 2002, iliyopata tuzo kuu ya tamasha la FESPACO mwaka 2003, inakaa Nouadhibou, mji wa pwani ambao watu huufikia ili waondoke. Sissako anawaacha wasafiri wangoje na yeye anakaa na fundi umeme mzee na mtoto mwanafunzi wake, wakihangaika na balbu moja isiyotaka kuwaka. Katika Timbuktu ya mwaka 2014 anauchukua mji ambao watalii waliuota kwa vizazi na kuupiga wakati wenyewe umetekwa. Kwa sababu ya usalama alilazimika kuupigia Oualata, upande wa Mauritania. Mfugaji Kidane anamuua mvuvi kwa bastola majini, na hapo mwongozaji wa kawaida angetuletea uso, damu na jasho. Sissako anarudi nyuma mpaka ng'ambo zote mbili zinaingia katika fremu moja: mmoja anayumba akivuka maji kwenda ukingoni, mwingine anakufa upande wa pili, jua linazama kati yao. Umbali ule unatunyima nafasi ya kuchagua upande mapema. Ng'ombe na nyavu, mfugaji na mvuvi, wote wanadai maji yaleyale, na mtu wa Katavi hahitaji kuelezwa ugomvi huo ukoje.

Kwetu, kazi iliyousogelea ufundi huu kwa ujasiri ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021. Hadithi ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950, ya Yasmin aliyekimbia ndoa na Denge aliye katika harakati za kupinga ukoloni. Lakini Mji Mkongwe unaoonekana pale ni uleule ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na ambao milango yake mgeni huipiga picha bila kujua nani anaishi ndani. Shivji anaichukua milango hiyo na vichochoro hivyo na kuviacha mbele yetu mpaka virudie kazi yake: mlango wa kugongwa kwa hofu, kichochoro cha kumpotezea polisi, chumba cha taarabu na siri. Mwanga ni hafifu, watu hutazamana kabla ya kusema. Kwa kipimo kikali hii bado ni filamu ya mapenzi na siasa yenye matukio mengi, sidai zaidi. Inatosha kwamba imeonyesha mji wa kitalii unavyoweza kuacha kuwa pambo bila kubomolewa ukuta hata mmoja.

Sasa turudi Katuma tuupime ufundi huu kwa karibu. Tuseme kamera imewekwa kando ya daraja la Sitalike, kimo cha macho ya mtu aliyekaa, na shoti moja ya dakika sita. Gari la watalii lenye mahema juu linapita kwa sekunde kumi na tano, pengine linasimama, mikono yenye simu inatoka madirishani, linaondoka. Kwa mhariri wa kawaida shoti imekwisha. Kwa mhariri wa filamu ya taratibu ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu sasa vumbi linashuka na kilichokuwapo muda wote kinaonekana: baiskeli yenye gunia inayosukumwa, bodaboda mbili zilizoegeshwa na waendeshaji wanaobishana juu ya mpira, mwanamke mwenye ndoo anayechagua pa kuteremkia kwa kuangalia kwanza maji. Anachoangalia ni viboko. Mgeni aliwaangalia kwa furaha. Yeye anawaangalia kwa hesabu. Kiboko yuleyule, fremu ileile, mitazamo miwili, na hakuna aliyehitaji kuhojiwa. Hapa ndipo sauti inapofanya nusu ya kazi. Mkoromo wa kiboko usikike kabla hajaonekana, injini ya gari la hifadhi isikike ikipungua muda mrefu baada ya gari kutoweka, na redio ya kibandani iendelee na wimbo wake bila kujali lolote. Shoti ndefu yenye sauti mbovu ni mateso. Yenye sauti nzuri ni mahali pa kuingia na kukaa. Na mama lishe aliyeko jirani, anayechambua maharage asubuhi kwa wateja ambao hana hakika watakuja, apewe muda wa kuyamaliza.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa watazamaji wetu wenyewe: filamu hii inajivuta. Nani atakaa kuangalia maharage yakichambuliwa? Watu wamezoea kibanda umiza, filamu za ngumi na za Kihindi, na wafasiri wa filamu wa mtindo wa Lufufu ambao hata filamu ya mbio waliona haitoshi, wakaiongezea maneno, vichekesho na mawaidha. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, ila nalisoma kinyume. Kilichopendwa kibandani hakikuwa kasi peke yake. Kilipendwa kile cha filamu kuacha nafasi ya sauti ya mtu aliyemo chumbani. Filamu ya taratibu inaacha nafasi kubwa kuliko zote. Ionyeshe Sitalike na usitarajie ukimya wa jumba la sinema la Ulaya: watu watatambua baiskeli, watabishana lile ni shamba la nani, watamcheka aliyeegesha bodaboda vibaya, watanyamaza ndoo inapokaribia maji. Mtazamaji huyo hachoshwi na jambo la kawaida likimhusu. Anachoshwa na jambo la kawaida la watu wengine, na hapo hatofautiani na mtazamaji wa Paris.

La pili linasema ufundi wenyewe ni wa Wazungu wa matamasha, na mwongozaji wetu akiufuata atakuwa anamwimbia jaji wa Cannes. Mfano unaopendwa ni Jeanne Dielman ya Chantal Akerman wa Ubelgiji, ya mwaka 1975, zaidi ya saa tatu za mjane anayemenya viazi, anayetandika kitanda na kufunika chungu, ambayo mwaka 2022 wahakiki waliokusanywa na jarida la Sight and Sound waliiweka juu ya filamu zote. Lakini mwaka huohuo wa 1975 Safi Faye wa Senegali alitoa Kaddu Beykat, filamu isiyo na rangi aliyoipiga kijijini kwao Fad'jal kwa mfumo wa barua ya mkulima. Kijana Ngor anataka kuoa, karanga hazikuzaa, mahari haipo, anakwenda Dakar kutafuta. Kati ya matukio hayo machache Faye anakaa na watu wanaolima, wanaotwanga, wanaoketi chini ya mti wakizungumzia bei ya karanga na deni la serikali. Serikali ya Senegali iliizuia, na hakika haikuizuia kwa kuwa inachosha. Mwanamke wa Brussels jikoni na mwanamke wa Kiserere shambani walifikia uamuzi unaofanana katika mwaka mmoja: kazi ya mikono inayodharauliwa ipewe muda wake kamili. Mwenye hati miliki ya uamuzi huo sijui angetafutwa wapi.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Kamera ndefu juu ya maskini inaweza kuwa wizi wa polepole, umaskini ukapambwa kwa mwanga wa jioni na kuuzwa. Tena nchi inayoishi kwa utalii ina haki ya kuogopa picha zinazoiharibia. Tuliona mwaka 2006 jinsi Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, kuhusu sangara wa Mwanza, ilivyomkasirisha Rais Kikwete. Lakini tuangalie lawama yenyewe ilikaa wapi. Waliomkosoa Sauper walilalamika kwamba aliunganisha ndege za samaki na biashara ya silaha kwa kudokeza, kwa kuweka picha moja ubavuni mwa nyingine na kumwachia mtazamaji ahitimishe. Huo ni uwezo wa mkasi. Mwenye kukata kila sekunde tano anaweza kuthibitisha karibu lolote. Mwenye kukaa dakika sita darajani amejifunga mikono: kilichopita kimepita, kicheko kimebaki pamoja na taabu, na yule mwanamke mwenye ndoo ana nafasi ya kugeuka na kuitazama kamera kwa macho yanayouliza una shida gani. Kupamba umaskini kunahitaji kuuondolea mambo yote yasiyo umaskini, na shoti ndefu haina subira na uchujaji huo. Ridhaa ya anayepigwa ni jambo jingine, haiokolewi na mtindo wowote. Lazima iombwe, na mtu awe na haki ya kusema basi.

Nikiri pia kwamba zipo filamu za taratibu ambazo ni uvivu mtupu, kamera imesahauliwa juu ya miguu yake kwa sababu mwongozaji hakuwa na wazo. Zinatambulika upesi. Ongeza dakika au punguza dakika, hakuna kinachobadilika, ambapo kwenye shoti ya Seidl sekunde kumi pungufu zingeirudisha kuwa ufukwe. Urefu unaotetewa hapa ni ule uliopimwa.

Hesabu ya fedha nayo iko upande wa kijiji, jambo lisilotokea mara nyingi. Kupiga filamu ndani ya hifadhi kuna ada za TANAPA, magari na askari wa kusindikiza, juu ya lenzi ndefu ambazo bei yake inamshinda kijana wa Bongo Movie. Anayebaki upande wa pili wa mto anahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, barua ya mkoa na wilaya, kikao na serikali ya kijiji, makubaliano na kila mwenye uso utakaoonekana, chumba cha kupanga kwa msimu mzima tangu masika mpaka Katuma ukatike, na kamera ya kawaida. Fedha atakayookoa aitumie kumlipa mtu wa sauti mwenye kuijua kazi.